Mkeshea Sungura Huamkia Nondo

Mkeshea sungura huamkia nondo. Ndiyo maneno mliyoyasikia leo kwenye kikao cha kisima. Mama Saumu aliyasema, wakubwa wote wakanyamaza, nanyi mkaja kuniuliza yametoka wapi. Walioyaanzisha walikuwa watu waliochoka sana. Kaeni, niwaeleze ilivyokuwa, kama nilivyoelezwa na shangazi yangu.

Kwanza niwaweke sawa juu ya mnyama na mdudu hawa, maana mmoja mnamjua na mwingine mnadhani mnamjua.

Sungura ninayemsema ni wa nyika, si yule wa kufugwa bandani. Miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele. Hachimbi shimo, mchana hujilaza juu ya ardhi katikati ya manyasi, akawa kama bonge la udongo. Hutoka jua linapozama, hula, na hurudi kujilaza kabla halijachomoza. Akila mmea hukata shina kwa mshazari, safi kama kwa kisu. Huacha nyayo, huacha mavi makavu ya mviringo, na ukimfumania hukimbia mbele ya macho yako. Kila anachokifanya kina ushahidi.

Nondo ninayemsema si yule mkubwa anayezunguka taa. Huyu ni mdogo kama punje ya mpunga, rangi yake ni ya nyasi kavu. Wala yeye mwenyewe hali mahindi. Hutaga mayai tu, na mtoto wake, mwembamba kama uzi, hutoboa punje kwa tundu lisiloonekana, akaingia, akakaa humo, akala unga wa ndani na kuacha ganda. Ukilitazama hindi, limejaa. Ukilishika, limejaa. Akishakomaa ndipo hutoka na kuruka, na siku hiyo huwa hakuna tena cha kuokoa. Sungura hula akakimbia. Nondo hula akakaa.

Sasa twende Kwamtindi.

Kwamtindi palikuwa mji mdogo wa ukoo mmoja, katika nchi ya vichaka na miiba. Mwaka huo masika yalinyesha kwa kusitasita, kisha yakakata. Mahindi ya mashamba ya juu yalikauka yakiwa usawa wa magoti. Yaliyozaa ni machache yaliyokuwa ukingoni mwa bwawa. Wazee waliyaendea, wakayatazama, wakakubaliana kwamba yale hayaliwi. Ndiyo mbegu ya vuli. Kila nyumba ilileta yake, yakafungwa mawili mawili kwa maganda yake, yakatundikwa kwenye uchaga wa Mandolwa.

Uchaga ni dari ya fito iliyo juu ya mafiga. Desturi yao ilikuwa hivi: mbegu ya ukoo mzima ilikaa juu ya moto mmoja, wa mwanamke mmoja, na moto huo haukuzimwa tangu siku mahindi yalipotundikwa hadi mvua ilipoanguka. Haukuwa moto mkubwa. Ulikuwa moto wa moshi: gogo lisilokauka vizuri, magunzi, kinyesi cha ng'ombe. Moshi ulipanda ukayafanya maganda kuwa meusi kwa masizi. Kuni zililetwa na nyumba zote kwa zamu. Kazi ya mwanamke ilikuwa kukaa na ule moto.

Mandolwa alikuwa mjane wa makamo. Kazi hiyo alirithi kwa mama mkwe wake. Alikuwa na kikohozi cha moshi na macho mekundu, na mashemeji zake walimtania kwa kumwita Shemeji Mlevi, ingawa hakuwahi kuonja pombe.

Wakati mbegu iko juu, watu walikula nini? Walikula kunde. Walizipanda bondeni, mahali penye unyevunyevu, wakawa wanachuma majani na kungojea maganda yajae. Zile kunde ndizo zilizowaweka hai. Nyasi zilipokauka nchi nzima, kijani kikabaki pale bondeni peke yake, na sungura wote wa nyika wakapajua.

Mwenye shamba kubwa zaidi bondeni alikuwa Sekiteke, mdogo wake marehemu mume wa Mandolwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mzaha mwingi, lakini si mtu mbaya. Asubuhi alipokuta safu nzima ya kunde imekatwa, alitega mitego ya kamba. Mtego ukamnasa jogoo wake mwenyewe, na kwa siku kadhaa kila aliyempita alimuuliza kama sungura wake wamewika. Akasimamisha sanamu ya matambara. Sungura wakaja wakajilaza mchana kivulini mwake.

Basi Sekiteke akasema, tuwashe moto. Moto kuzunguka bonde lote, tangu jioni hadi asubuhi, na kila moto uwe na mtu. Wakafanya hivyo, na ikasaidia. Sungura walifika ukingoni, wakaona mwanga, wakarudi. Watu walifurahi. Lakini moto wa kukesha hula kuni, na msimu ule kuni za karibu zilikuwa zimekwisha. Wanawake walizifuata mbali, wakarudi na mizigo midogo, wakaishusha bondeni moja kwa moja. Zamu ya kuni za Mandolwa ikaruka nyumba moja. "Kesho, dada," wakamwambia. Kisha ikaruka nyumba nyingine. Akachoma magunzi yake yote. Akaenda kuokota mwenyewe, huku akimwomba jirani amshikie moto, na jirani naye alikuwa akisinzia kwa sababu alikesha bondeni.

Jioni moja Sekiteke akaja na wanaume wawili.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Kama umeleta kuni, ingia. Kama umeleta maneno, yaache hapo nje."

Sekiteke akacheka, lakini kicheko kilitoka kikavu. "Nimekuja kuzichukua, shemeji."

"Kuchukua nini?"

"Hizo zilizobaki. Na wewe mwenyewe. Upande wa njia ya bwawa hauna mtu. Jana mke wangu alisinzia, nusura aangukie motoni. Watu wamekwisha."

Mandolwa akaonyesha mafiga kwa kidevu. "Na huu?"

"Huu unalinda nini?"

"Unajua unacholinda."

"Najua tulichoambiwa. Lakini nyumba ina mlango, na mlango una komeo. Umewahi kumwona sungura akipanda uchagani?"

Mmoja wa wale wanaume akadakia, "Labda apande kulewa moshi na Shemeji Mlevi."

Wakacheka. Mandolwa hakucheka. Alitazama juu, akayaona mahindi yametulia jozi kwa jozi, hayana hata punje iliyodondoka.

"Niachieni mzigo mmoja tu," akasema. "Niuache ukifuka."

"Mzigo mmoja ni moto mmoja bondeni, shemeji. Moto mmoja ukikosekana ni mlango. Wewe unataka tuwafungulie mlango?"

Neno hilo lilikuwa na akili ndani yake, na aliyelisema alikuwa hajalala. Mandolwa akafunika makaa kwa majivu, akachukua kanga yake, akatoka.

Msimlaumu haraka. Kunde za kwake zilikuwa zimekwisha kuliwa nusu, na alikuwa na watoto. Yeye alikuwa mtu mmoja na wao walikuwa ukoo. Tena, na hili shangazi yangu alilisema kwa sauti ya chini, kifua chake kilikuwa kimechoka na moshi. Alipofika bondeni akavuta hewa safi, akaona raha, na akaona haya kwa ile raha.

Ikawa ndiyo kawaida. Jioni wote huenda bondeni. Asubuhi wote hurudi, huanguka popote pale, hulala. Mwanzoni Mandolwa alikuwa akiwasha moto mchana, mdogo, wa vijiti. Baadaye akawa anauwasha siku moja na kuruka siku. Baadaye akawa anarudi na kulala tu.

Naona Zaituni anataka kuuliza kama hakuwaona wale nondo.

Aliwaona, mwanangu. Aliwaona jioni mlangoni, wawili watatu, wakiruka kwa ulegevu kama makapi yanayopeperushwa. Alimkamata mmoja, akamtazama kiganjani, akaona hana hata mdomo wa kumwuma mtu. Akapanda kwenye kinu, akashika mahindi, yalikuwa yamejaa. Akashuka. Ungefanya nini zaidi, nawe umekesha?

Kisha siku moja alfajiri, Sekiteke alimpata sungura. Alimpiga kwa rungu pale pale ukingoni, akamnyanyua kwa masikio, akapita naye nyumba kwa nyumba. Watu waliamka kutoka walikolala. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mji ule kucheka wote kwa pamoja. "Huyu ndiye!" akasema Sekiteke. "Mtazameni meno! Huyu ndiye aliyekula jasho letu!" Mtu akamuuliza, "Na kwa jogoo je, tutampa nani lawama?" Wakacheka tena. Nyama ikagawanywa, kila nyumba kipande cha kulambia tu. Mandolwa akaletewa paja, na Sekiteke akamwambia, "La macho yako mekundu hilo, shemeji. Leo umelipata la kwako."

Akaenda nalo nyumbani. Akateka maji, akabandika chungu, akatafuta kuni. Zilizokuwepo zilikuwa mbichi, zikafuka. Moshi ukapanda moja kwa moja uchagani, kama ulivyokuwa ukipanda zamani.

Uchaga wote ukatikisika. Nondo walitoka kwenye maganda ya mahindi kama pumba zinavyotoka kwenye ungo, wengi, wakajaa nyumbani, wakamwangukia kichwani, wakamwangukia chunguni juu ya ile nyama. Mandolwa akasimama katikati yao, mikono imening'inia. Halafu akavuta jozi moja ya mahindi, akamenya. Hindi lilikuwa zuri kwa umbo, safu zimenyooka. Kila punje ilikuwa na tundu la mviringo. Akaibonyeza mojawapo kwa kidole gumba, ikapasuka kama ganda la yai, ikatoka vumbi.

Aliacha chungu motoni, akaenda kwa Sekiteke na ile jozi mkononi. Alimkuta anakula.

"Karibu, shemeji, karibu tule. Umemaliza lako?"

Mandolwa akalibana hindi kwa viganja viwili, likabomoka juu ya sahani ya Sekiteke. Vumbi likaelea kwenye mchuzi.

Sekiteke akatazama sahani. "Hili la wapi?"

"La juu."

"Ni hili moja tu?"

"Nenda ukatazame."

Akainuka, akaenda, akatazama. Aliporudi, watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, na yeye akawa na hasira ya mtu aliyeogopa.

"Ulikuwa wapi wewe?" akamwambia mbele ya watu. "Hii mbegu si ya nyumba yako. Ya watu wote hii. Wewe ulikuwa wapi ikiliwa?"

"Njia ya bwawa," akasema Mandolwa. "Uliponiweka."

"Mchana je? Mchana nilikuweka mimi?"

Na hilo lilikuwa kweli.

Wakayashusha mahindi yote, wakayapukuchua, wakazimwaga punje ndani ya mapipa ya maji. Zilizo tupu zilielea. Waliziengua kwa mikono, wakaziengua tena, na kila walipodhani zimekwisha nyingine zilipanda juu. Zilizobaki chini zilitosha kupanda shamba la nyumba moja, na nyumba zilikuwa nyingi. Upande wa mashariki mawingu ya kwanza ya vuli yalikuwa yameanza kujipanga. Siku nyingine wangeyashangilia.

Maneno yakaanza. Wengine walisema mwanamke aliyeua mbegu hawezi kuachiwa moto, wala hawezi kuachwa mjini, arudishwe kwao. Walisema hivyo bila ukali. Hawakuwa na nguvu za ukali. Walisema kama watu wanaotaka jambo lipate mwenyewe ili waende wakalale. Mandolwa aliwasikia. Watoto wake walikuwa wa ukoo ule. Kama angerudishwa, angerudi peke yake.

Pakaamuliwa kwamba kwanza mbegu itafutwe. Sekiteke alikuwa ameoa Kwambelwa, mwendo wa kutwa kutoka pale, na huko bwawa lao lilikuwa halijakauka. Yeye ataomba kwa wakwe zake. Mandolwa atafuatana naye abebe kapu, kwa sababu mbegu hupokelewa na mkono wa mwanamke. La kumrudisha Mandolwa kwao litazungumzwa baadaye.

Wakashika njia. Karibu na Kwambelwa Sekiteke akasema, bila kugeuka, "Nitawaambia moto ulizimika."

"Moto hauzimiki wenyewe, shemeji."

"Nitasema ulizimika."

"Haya."

Mjue sasa desturi ya kuomba mbegu ilivyokuwa. Chakula unaweza kuomba bila kuulizwa neno. Njaa ni ya kila mtu. Lakini mwenye kuomba mbegu lazima aseme ya kwake ilikwenda wapi, na aseme mbele ya watu wa nyumba. Mtu aliyekula mbegu yake kwa uroho hapewi nyingine, maana ataila na hiyo. Na mwenye kuuliza ni mwanamke, kwa kuwa mbegu ni yake. Hapo palikuwa na taabu ya pili: mume wa binti haonani uso kwa uso na mama mkwe. Kwa hiyo Sekiteke alikaa nje kwenye kigoda, ameukabili ukuta wa udongo, na mama mkwe akauliza kutoka ndani. Baba mkwe alikuwa kando, akichonga mpini wa jembe. Mandolwa alisimama nyuma na kapu lake tupu.

"Shikamoo, mama," Sekiteke akauambia ukuta.

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Amekonda kidogo."

"Wote tumekonda. Nimeambiwa unataka mbegu. Mlikuwa nayo?"

"Tulikuwa nayo."

"Mliila?"

"Hatukuila, mama. Wallahi hatukuionja."

"Nani aliila?"

"Nondo."

Sauti ikasema kutoka ndani, "Nondo! Kwenu hakuna mwanamke wa moto?"

Sekiteke akageuza kichwa akamtazama Mandolwa. Mandolwa alikuwa akitazama chini ya kapu, kama mtu anayehesabu nyuzi za ukili.

"Yupo," akasema Sekiteke.

"Basi alilala."

Ilibaki aitikie tu. Neno lilikuwa limekwisha kutengenezwa na mwingine. Yeye alitakiwa kusema ndiyo, apewe mbegu, arudi. Baba mkwe aliacha kuchonga, akangojea.

"Hakulala, mama," akasema Sekiteke. "Hakuna aliyelala. Sungura walituingilia kunde, nasi tukawasha moto bondeni. Mimi nilikwenda nikazichukua kuni zake, na yeye mwenyewe nikamtoa nyumbani nikamkalisha kwenye moto wangu. Alinikumbusha nikamcheka. Tulimkeshea sungura, mama, tukaamkia nondo."

Kisha wakamsikia mama mkwe akimwambia mtu humo ndani, kwa sauti ya chini lakini ya haraka, "Wewe, ongeza gunzi hapo. Ongeza sasa hivi." Na moshi ukaanza kutoka kwenye paa la nyumba ile.

Baba mkwe akarudia mpini wake. "Sungura wenyewe mliwapata?"

"Tulimpata mmoja, baba."

"Alikuwa mnono?"

"Mifupa mitupu."

Mzee akatikisa kichwa, akachonga. Baadaye mikono miwili ikatoka mlangoni, myeusi kwa masizi, ikasukuma nje ungo uliojaa mahindi yaliyofungwa jozi jozi. Mandolwa akapiga magoti akapokea.

Haikuwa mbegu ya kutosha mji mzima. Nisiwadanganye. Vuli ile walipanda nusu ya mashamba, wakala kwa kupimiana, na wazee wawili hawakuufikia mwaka uliofuata. Lakini walipokuwa wakirudi, Mandolwa na kapu kichwani, Sekiteke alianza kuokota kuni njiani. Kuni za mikononi zilipomshinda, alizifunga kwa kamba akajitwika kichwani, jambo ambalo wanaume wa huko hawakulifanya. Aliingia hivyo mjini mchana kweupe. Waliomwona walicheka, wakangojea awarudishie mzaha. Hakurudisha. Alipita katikati yao hadi kwa Mandolwa, akautua mzigo mbele ya mafiga, akainama kufukua majivu. La kumrudisha mwanamke kwao halikutajwa tena na mtu.

Sungura hawakuacha kuja, na Kwamtindi hawakuacha kuwafukuza. Kunde zilikuwa chakula chao, wangefanyaje? Walichokiacha ni kutoa moto wa ndani ili kuongeza wa nje. Na kule Kwambelwa yule mama mkwe aliwakumbusha wajukuu zake maneno ya mkwe wake kila moshi ulipopungua nyumbani. Wajukuu wakayafupisha, waliooa na kuolewa kwingine wakaenda nayo, na hata sisi tusio na uchaga yametufikia, mtu akituona macho yote yako shambani na nyumbani hakuna, hutuambia:

Mkeshea sungura huamkia nondo.